Kutoka Westlands Hadi Majini: Habari za Tanga Jepesi na Kazi ya Kulikunja

Mtu asimamaye leo katika Westlands, mjini Nairobi, hawezi kudhani kuwa yu karibu na habari za matanga. Mbele yake ni Waiyaki Way, imejaa magari asubuhi na jioni. Juu ya kichwa chake yapita ile barabara ya nguzo iliyofunguliwa mwaka 2022, itokayo Mlolongo hadi Westlands, urefu wa kilomita 27. Pande zote ni majumba marefu, benki, maduka na maofisi. Bahari iko mbali, karibu kilomita 480 kwa barabara. Walakini katika maofisi hayo hayo wamo watu ambao siku ya Ijumaa jioni hufunga mizigo yao, wengine wakashika njia ya Naivasha na wengine njia ya Kilifi, nao waendako huwangoja mashua zao.

Watu hawa ukiwauliza ni jambo gani lililo gumu katika kazi ya tanga, wengi hawatakuambia dhoruba. Watakuambia ni lile tanga kubwa jepesi la mbele, litumikalo upepo ukiwa mdogo. Kulifungua ni kazi ya dakika moja. Kulikunja huweza kuwa shughuli ya nusu saa, na mara nyingine ikawa hatari. Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Katika makala haya twataka kumchukua msomaji kutoka Westlands hadi kwenye maji matatu, tupate kuona sababu ya shida hiyo, na dawa yake.

NJIA YA ZAMANI

Yafaa kukumbuka kwanza ya kuwa vyombo vya majini si wageni katika nchi hii ya juu. Kabla reli haijafika Nairobi mwaka 1899, Captain Sclater alianza mwaka 1895 kukata njia ya magari ya ng'ombe kutoka Kibwezi kwenda upande wa Ziwa Victoria. Njia hiyo ilipita nchi hii ya Nairobi na Kabete. Ndiyo miaka ile ile meli ndogo iitwayo William Mackinnon ilipoletwa Mombasa ikiwa vipande vipande, na vipande hivyo vikasafirishwa bara kwa taabu nyingi. Meli ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900. Basi watu wa bara walibeba chombo vichwani mwao kabla ya wengi wao kukiona kikielea.

BWAWA LA NAIROBI

Maji ya kwanza katika safari yetu hayako mbali. Msafiri akitoka Westlands hushuka kwa Museum Hill, ambapo ipo nyumba ya makumbusho, akafuata Uhuru Highway kupita katikati ya mji, kisha akapinda kushika Lang'ata Road. Kabla hajafika mbali, upande wake wa kulia, kati ya barabara na mitaa ya Kibera, ndipo lilipo Bwawa la Nairobi.

Bwawa hili lilijengwa mwaka 1953 kwa kuziba maji ya mto Motoine, ambao ukiisha kulipita huitwa mto Ngong. Nia yake ilikuwa kuwa akiba ya maji ya mji wakati wa shida. Lakini maji yaliyotulia chini ya jua la Nairobi hayakukosa wapenzi. Wavuvi walikuja, na wenye mashua ndogo za matanga wakaunda klabu yao, wakashindana siku za Jumapili. Katika siku za ukoloni mchezo huo ulikuwa mikononi mwa Wazungu. Baada ya Uhuru watu wa kila namna walipata kuutazama kutoka ukingoni, na wengine wakaingia.

Bwawa lilikuwa shule nzuri ya upepo mdogo, na sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba upepo wa Nairobi hupita juu ya nyumba na miti, ukafika majini umevunjika vunjika: mara wavuma, mara wafa, mara wageuka. Sababu ya pili wengi hawaijui. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko hewa ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika sita. Kwa hiyo upepo wa mwendo ule ule husukuma tanga la Nairobi kwa nguvu pungufu. Mtu aliyejifunza pale alijua kutafuta upepo kama mkulima atafutavyo maji wakati wa kiangazi.

Leo mashua hazipo tena. Taka na maji machafu ya mitaa ya juu yaliingia mwaka baada ya mwaka, matope yakajaa, na katika miaka ya 1990 gugu maji likaenea likafunika uso wa bwawa. Atazamaye sasa huona majani ya kijani mahali palipokuwa na matanga meupe. Habari za kulisafisha zimetajwa mara nyingi.

TANGA JEPESI NI KITU GANI

Kabla ya kuendelea na safari, na tueleze kidogo chombo chenyewe. Mashua ya safari ya namna ya Kizungu huwa na mlingoti mmoja, tanga kuu nyuma ya mlingoti, na tanga la mbele ambalo hufungwa katika waya utokao omo kwenda juu ya mlingoti. Zamani baharia alikwenda omo kulishusha tanga hilo kwa mikono. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mwingereza mmoja, Wykeham-Martin, alitengeneza mtambo wa kulizungusha: chini kuna kigurudumu chenye kamba, juu kuna kiungo kinachozunguka, na kamba ikivutwa tanga hujiviringa kama mkeka. Mitambo ya siku hizi imetokana na wazo hilo.

Lakini tanga hilo la kawaida ni la kitambaa kizito. Upepo ukipungua, hunyong'onyea likapiga piga bure. Hapo ndipo mabaharia hutweka tanga jingine, kubwa zaidi na jepesi zaidi, mara nyingi la nailoni, ambayo ni uzi uliotangazwa Marekani mwaka 1938. Tanga hili halishikwi na waya wa chombo. Limefungwa ncha tatu tu: juu kwa henza, yaani kamba ya kutwekea, mbele kwenye omo, na nyuma kwa kamba ya demani, yaani kamba ya kulivutia na kulilegezea. Katikati halina kitu cha kulizuia, na huo ndio uzuri wake, maana hata pumzi ndogo hulijaza. Huo pia ndio ubaya wake.

Mkulima aelewe hivi. Umeanika mahindi juu ya turubai kubwa, ukayatoa, nawe wataka kulikunja turubai peke yako, na upepo umeanza. Ukizungusha ncha moja tu, ncha hiyo hukazika, lakini katikati hubaki tumbo, na ncha ya mbali haijui habari. Upepo ukiingia katika tumbo hilo, turubai lote hukutoka mikononi. Karani naye ameona jambo hilo hilo akikunja ramani ndefu ya ofisi kwa kushika upande mmoja. Tanga jepesi ni turubai hilo, ila limesimama wima, lina urefu wa nyumba ya ghorofa kadha, na aliyelishika amesimama juu ya sitaha inayoyumba.

SHIDA NNE NA SABABU ZAKE

Shida ya kwanza ni hiyo ya tumbo la katikati. Kigurudumu cha chini chazunguka, lakini kamba iliyo ndani ya ukingo wa tanga yajisokota badala ya kupeleka mzunguko hadi juu. Chini pamekunjwa mara kumi, juu mara mbili. Dawa yake ni kutumia kamba ngumu iliyofumwa hasa ili isisokoteke. Tena yapasa unene wake ulingane na ukubwa wa tanga. Kamba nyembamba katika tanga kubwa ni akiba ya matata.

Shida ya pili ni henza iliyolegea. Henza ikilegea, ukingo wa tanga hupinda kama upinde, na kitu kilichopinda hakizunguki sawasawa. Mara nyingine kiungo cha juu hakizunguki kabisa, nayo henza yenyewe hujizungusha juu ya mlingoti. Dawa ni rahisi, lakini husahauliwa: kaza henza kabla ya kugusa kamba ya kukunjia.

Shida ya tatu ni tanga kujiviringa kinyume, nusu yake kulia na nusu yake kushoto, likafanya kiuno chembamba katikati na mifuko miwili, mmoja juu na mmoja chini. Hii hutokea demani ikiachiwa kabisa wakati wa kukunja. Tanga likikosa mshiko hucheza, na likicheza hujifunga lenyewe. Kwa hiyo yapasa mtu mmoja avute kamba ya kigurudumu, na mwingine aishike demani, ailegeze kidogo kidogo, isikaze sana wala isiwe huru. Likiisha kujifunga, usilivute kwa hasira. Lifungue lote, kisha uanze upya.

Shida ya nne ni namna ya mtambo wenyewe. Matanga mepesi ni ya namna mbili. Yako yaliyo bapa, yafaayo upepo wa ubavuni, na haya hukunjwa kuanzia chini kwenda juu. Yako yenye tumbo kubwa na mabega mapana, yafaayo upepo wa nyuma, na haya yakikunjwa kuanzia chini mabega hubaki nje, yakishika upepo. Kwa ajili yake mafundi walitengeneza mtambo ukunjao kuanzia juu: ncha ya chini ya tanga huwa huru isizunguke, nayo ile kamba ngumu hupeleka mzunguko moja kwa moja hadi juu, mabega yakafungwa kwanza, chini mwisho. Mtu anunuapo mtambo bila kutazama umbo la tanga lake ni kama anunuaye kiatu bila kutazama mguu.

NAIVASHA: UPEPO WA ASUBUHI NA UPEPO WA ALASIRI

Sasa na turudi Westlands tushike Waiyaki Way upande wa magharibi. Barabara hupita Kabete na Kikuyu, hupanda Limuru penye baridi na mashamba ya chai, kisha ghafula nchi yaanguka, na Bonde la Ufa laonekana lote chini ya macho. Baada ya kilomita 90 hivi kutoka Nairobi msafiri yuko Naivasha, penye ziwa la maji baridi lililo zaidi ya mita 1,880 juu ya bahari. Wazee wa zamani waliziona hapa ndege za maji za Imperial Airways, ambazo tangu mwaka 1937 zilitua ziwani zikileta abiria na barua kutoka Uingereza. Pembeni ni mafunjo, na ndani ya mafunjo ni viboko.

Asubuhi ziwa hili ni shwari. Milima hujiona ndani yake kama katika kioo, na pumzi ndogo hupita hapa na pale. Ni wakati wa tanga jepesi. Lakini baada ya saa sita mchana nchi ya Bonde ikiisha kupata moto, upepo huinuka, na alasiri maji yaliyokuwa kioo huwa mawimbi mafupi makali. Hapo ndipo mtu aliyesema, nitalikunja baadaye kidogo, hupata malipo yake.

Sababu yake ni hesabu. Nguvu ya upepo katika tanga haiongezeki sawa na mwendo wake. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne, na ukiwa mara tatu, nguvu huwa mara tisa. Tanga ambalo saa tatu mtoto angeweza kulishika kwa mkono mmoja, saa nane huwavuta watu wazima wawili. Tena nailoni haikufanywa kwa nguvu hiyo, nayo hupasuka. Na chombo kisichoweza kuondoa tanga lake hakiwezi kusimama, wala kumrudia mtu aliyeanguka majini. Ndiyo sababu jambo hili si mchezo wa matajiri tu. Katika ziwa lenye mawimbi na viboko, maisha ya mtu huweza kuwa juu ya kamba moja iliyokataa kuzunguka.

PWANI: ELIMU YA ZAMANI

Maji ya tatu yako upande mwingine, mashariki, mwisho wa reli na barabara. Huko, katika hori ya Kilifi, hutia nanga mashua nyingi za safari, nyingine zimetoka mbali ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Na huko huko, kabla ya nailoni na kabla ya mitambo, watu wa Pwani walikuwa na elimu yao ya upepo mdogo.

Lugha yenyewe ni ushahidi. Mswahili anayo kaskazi na kusi, lakini pia anayo maleleji, yaani majira ya kati ambapo pepo hizo kubwa hubadilishana na upepo haujui uendako. Majira hayo huitwa pia tanga mbili. Watu wasiojali upepo mdogo wasingalikuwa na maneno mengi hivyo kwa ajili yake.

Tanga la jahazi ni la pembe tatu, limefungwa katika mti mrefu wa foromali. Vyombo vikubwa vilivyosafiri hadi Arabuni vilichukua matanga ya kadiri mbalimbali, kubwa la upepo mdogo na dogo la upepo mkali, na nahodha akitaka kubadili, foromali yote ilishushwa. Na wakati wa kuondoka walikuwa na hila nzuri. Tanga lilikunjwa likiwa chini, likafungwa foromalini kwa nyuzi dhaifu za makuti au makumbi, kisha foromali ikatwekwa huku tanga limelala kama mwavuli uliofungwa. Nahodha alipotoa amri, mabaharia walivuta demani kwa nguvu, nyuzi zikakatika moja baada ya moja, na tanga likajaa upepo. Wazungu wa mashindano nao walifanya vivyo hivyo kwa matanga yao mepesi, wakatumia nyuzi za sufu.

Tuone hekima iliyomo. Nahodha wa Pwani hakujaribu kulishinda tanga likiwa juu limejaa upepo. Alilikunja chini, kwa mikono mingi, kwa utaratibu, kisha akalipandisha limekwisha tii. Na upepo ulipomzidi, aliteremsha. Mtambo wa siku hizi umeongeza wepesi, lakini haukuiondoa kanuni hiyo.

MASHAURI KWA MWENYE CHOMBO

Kwa hiyo, ukiunganisha mafunzo ya maji haya matatu, mashauri ni machache. Kunja tanga jepesi wakati bado waona halina haja ya kukunjwa. Kabla ya kukunja, geuza chombo kifuate upepo, ili tanga kuu liwe ukuta na tanga jepesi lilale katika kivuli chake. Kaza henza. Shika demani. Zungusha kigurudumu kwa mwendo mmoja bila kusitasita, na likiisha kujiviringa lote, endelea hadi kamba za demani zimelizunguka mara mbili tatu, lisije likafunguka.

Kisha usiliache juu. Wengi hufanya hivyo kwa uvivu, wakisema, limekwisha kunjwa. Usiku upepo hutafuta ile nafasi ndogo ya katikati, ukaingiza kidole chake, na tanga likafunguka hakuna aliye macho. Mchana jua la nchi yetu, lililo kali zaidi katika nchi za juu, huila nailoni polepole. Lishushe sitahani, litie mfukoni.

Na ikiwa mtambo umekataa kabisa, rudi kwenye njia ya wazee: ingia katika kivuli cha tanga kuu, mmoja alegeze henza polepole, bila kuizungusha mkononi, na wengine wakusanye kitambaa kwa mikono chini ya tanga kuu hadi kiishe.

NENO LA MWISHO

Elimu hii haipatikani kwa kusoma peke yake. Hupatikana majini, penye maji yasiyo na hatari kubwa, penye upepo mdogo unaogeuka geuka, karibu na nyumbani, ambapo kijana aweza kukosea na kupata mashua yake imelala ubavu tu. Nairobi ilikuwa na mahali hapo, kilomita 10 hivi kutoka Westlands. Leo kijana wa Kibera hulipita gugu maji kila siku, na kijana wa Westlands mwenye nafasi huenda moja kwa moja Naivasha au baharini, akajifunza kukunja tanga siku ile ile anapohitaji kujua. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Bwawa lililokuwa akiba ya maji na shule ya matanga halikufa kwa siku moja, wala halitafufuka kwa siku moja. Lakini mji ulioweza kujenga barabara ya kilomita 27 hauwezi kusema kuwa kusafisha bwawa moja kumeushinda.